Nusu ya Nondo

Mume wangu wanamwita Rula. Jina hilo alipewa na mafundi umeme wenzake zamani, kwa sababu waya wake ukutani haupindi hata ukiutafutia kisa. Nimeishi miaka ishirini na miwili na mtu ambaye hawezi kukaa chini ya taa iliyoning'inia upande bila kuomba ngazi. Msibani ananiaibisha: wenzake wanainamisha vichwa, yeye anakagua swichi. Nikimwandalia chai lazima kikombe kikae katikati ya sahani, la sivyo anakisogeza kwanza ndipo anywe, na mimi siku nikiwa na langu moyoni nakiweka pembeni makusudi.

Nayasema haya ili isionekane namsema kwa chuki. Nampenda. Lakini siku ile aliyokwenda kufunga kinga ya umeme kwa dada yake nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia binadamu yeyote, na hasira yenyewe haijaisha yote.

Ilianza miezi minane kabla ya hapo. Dada yake huyo, wifi yangu, ana mume aliyefanya kazi kiwanda cha saruji mpaka mapafu yakaharibika. Shemeji hupumua kwa mashine ya oksijeni. Inachomekwa ukutani, inavuta hewa ya chumbani, inaichuja, kisha inampa kwa kimrija puani, na inanguruma kutwa nzima mpaka mgeni anaizoea. Ikizimika, kuna mtungi mmoja wa akiba, nao ni wa saa chache tu.

Wakati ule nyumbani kwao aliishi pia mkwe wao, mke wa mtoto wao wa pekee. Alikuwa akipiga pasi nguo za watu: sare za wanafunzi, mashati ya maofisini, mashuka ya nyumba ya wageni iliyo jirani. Meza yake ilikuwa ukumbini, karibu na mlango wa chumba cha baba mkwe, kusudi amsikie akiita.

Asubuhi moja umeme ulikatika, ukakaa dakika kumi, ukarudi kwa nguvu za ajabu. Taa ziliwaka kupita kiasi, balbu mbili zikapasuka, na mashine ya shemeji ikalia mlio mmoja mkali, ikaanza kutoa moshi. Mkwe ndiye aliyeichomoa. Yeye ndiye aliyemvalisha shemeji mrija wa mtungi na kukimbia barabarani kutafuta gari. Shemeji alilazwa wiki tatu, na tulimkatia tamaa mara mbili.

Wifi yangu ni mtu wa kutafuta mwenye kosa. Chumvi ikizidi, lazima ajue ni nani. Jioni ile ile alimwita mdogo wake aje atazame, nami nikafuatana naye. Rula akafungua kisanduku cha umeme, akatazama na kurunzi yake ya waya, akakifunga.

"Ni ile pasi, siyo?" wifi akauliza. "Huyu alikuwa anapiga pasi mashine ikiwaka."

"Pasi inakula umeme mwingi, dada," Rula akajibu.

Basi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mkwe alikuwa amesimama mlangoni, bado ana shati la mtu begani.

"Mjomba," akamwuliza, "ni mimi?"

Rula aliendelea kukunja waya wa kurunzi yake. Aliukunja taratibu, duara juu ya duara, mpaka ukaisha, kisha akasema tuondoke, kunakuchwa.

Haikupita wiki, wifi akamfukuza mkwe, naye na mumewe wakahama kwenda kupanga chumba. Pasi wifi aliizuia. Aliitupa juu ya kabati lake na kuapa kwamba haitawaka tena ndani ya nyumba yake. Na mimi sikubaki nyuma, mdomo wangu huu. Kila aliyeniuliza hali ya shemeji nilimwambia kwamba yule binti mzembe nusura amuue mkwewe kwa tamaa ya mashuka ya wageni. Niliyasema hayo dukani, nikayasema kliniki, nikayasema kwa shoga zangu. Nani angenipinga? Nina mume fundi.

Miezi ile yote shemeji alipumua kwa mitungi ya kukodi, mpaka hospitali ikawapa mashine nyingine. Lakini fundi wa hospitali, kijana mmoja mkali asiyecheka na mtu, alikataa kuiwasha. Alisema mashine ile haichomekwi mpaka nyumba ifungwe kinga kwenye swichi kuu, kinga ya nyumba nzima, siyo zile za kuchomeka ukutani. Wifi akampigia simu mdogo wake. Angempigia nani mwingine? Nyumba ile Rula ndiye aliyeifunga umeme wote, miaka kumi na tisa iliyopita, na ndiyo iliyomtangaza mjini.

Asubuhi ya kwenda nilimwona anafunga nondo mbili mpya za ethi ubavuni mwa pikipiki. Ni vile vyuma virefu vyenye rangi ya shaba vinavyopigiliwa ardhini, umeme uliopotea njia upate pa kwenda. Nikamwuliza za nini. Akasema ana kazi nyingine baadaye. Chai yake hakuimaliza, na kikombe alikiacha ukingoni mwa meza. Hilo lilitakiwa linishtue, lakini nilikuwa natafuta viatu.

Tulimkuta shemeji amekwishavalishwa mrija wa mtungi ulioletwa umejaa.

"Fundi," akasema, "mshale huu ukifika kwenye nyekundu na mimi nimefika. Usianze kupima pima kuta."

"Saa nne zinatosha kabisa," Rula akasema, lakini hakucheka.

Akazima swichi kuu, akajaribu na testa sehemu tatu kuhakikisha hamna kitu, akafungua kifuniko. Ndani mle hata mimi nisiyejua nilipendezwa. Waya zimelala sambamba, kila moja imekatwa kwa kipimo chake, na miaka kumi na tisa haikuzipinda. Kinga yenyewe ni kidude kidogo, kinaenea kiganjani. Alikipachika jirani kabisa na swichi kuu, akakipa breka yake, swichi ndogo ya kukikatia umeme, na waya zake akazifanya fupi kadiri ilivyowezekana. Wifi alisimama nyuma yake akiuliza kila kitu, kama kawaida yake.

"Hicho kinafanya nini hasa?"

"Umeme ukipanda ghafla unapokuja kutoka nje, hiki kinaudaka hapa mlangoni. Hauingii vyumbani. Kinautupa ardhini."

"Ardhini wapi?"

"Kwenye ethi, dada. Ile ya nyuma ya nyumba." Hapo bisibisi ikamponyoka ikaanguka sakafuni.

Alipowasha swichi kuu, kidude kikawaka kitaa cha kijani. Wifi akapiga makofi. Rula akaokota kifuniko akaanza kukirudishia skrubu, haraka haraka, na mimi nikashangaa. Namjua mume wangu. Hafungi kifuniko cha mtu kabla hajapima ethi. Ana mashine yake ya kupimia, kisanduku cha manjano chenye waya ndefu na vijiti viwili vya kuchomeka ardhini, na wanetu walipokuwa wadogo walikiita Mdudu. Siku ile Mdudu alikuwa bado ndani ya mfuko.

"Hujapima ethi," nikasema.

Nilisema kwa wema, nataka hilo lijulikane. Nilitaka hata kumsifu mbele ya dada yake kwamba mume wangu huwa hafanyi kazi nusu nusu. Akanigeukia akanitazama, na mtazamo ule sikuujua.

"Kapime basi," wifi akadakia. "Yule wa hospitali kasema kila kitu kipimwe."

Tukazunguka nyuma. Kichwa cha nondo kilikuwa kimechomoza kidogo kando ya ukuta, kimezungushiwa saruji safi, waya wa kijani umekazwa juu yake. Rula akachomeka vijiti vyake, akabonyeza. Nilishamsaidia kushika vijiti vile mara nyingi, najua nyumba nzuri inasoma namba gani, haivuki kumi. Ile ilisoma mia tatu na arobaini.

"Ardhi imekauka," akasema.

Wifi hakungoja, akaleta maji. Alimwaga ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu, akihema, sketi imelowa. Namba ikateremka mpaka mia mbili na tisini, ikagoma. Mbali, upande wa milimani, radi ikanguruma. Dirishani shemeji akagonga kioo kwa kidole akatuonyesha mshale wa mtungi. Ulikuwa umeshapita nusu.

"Jamani, taa si inawaka?" wifi akasema. "Ngoja nikachomeke mashine, mtaendelea na vipimo vyenu." Akaanza kwenda.

Rula alikuwa amechuchumaa. Kama angenyamaza tu, mambo yangekwisha pale. Mashine ingechomekwa, kitaa kingeendelea kuwaka kijani, na mvua ya radi ingekuja siku hiyo au nyingine, na sisi tungeitafutia pasi nyingine ya kulaumu.

"Dada, usichomeke."

"Kwa nini?"

"Ile taa inasema kidude ni kizima. Haisemi kama ardhi inapokea."

"Basi ifanye ipokee!"

Akachukua nyundo akavunja ile saruji ya kuzungushia. Akafungua waya, akashika kichwa cha nondo kwa mikono miwili, akaitikisa. Nondo ya ethi ya kweli huing'oi kwa mikono. Ile ilikuja. Ilikuja yote, fupi, haikufika hata kiunoni kwake, na ncha yake ya chini haikuwa kali tena. Ilikuwa imepinda kidogo mahali ilipogonga mwamba. Na juu, kwenye kile kichwa kilichokuwa kinaonekana miaka yote, chini ya alama za nyundo, kulikuwa na mikwaruzo ya msumeno.

Nikaitambua. Hapana, niliitambua nusu yake nyingine. Mlango wa jiko langu hufungwa kwa komeo la chuma chenye rangi ya shaba, upande mmoja lina kichwa kilichopondeka kwa nyundo na upande wa pili lina alama za msumeno. Alinitengenezea mwenyewe mwaka aliomaliza nyumba ya dada yake. Miaka kumi na tisa nimelisukuma kila jioni kwa mkono huu na kulichomoa kila asubuhi. Nilipoinua macho nikakuta ananitazama. Alijua kwamba nimejua, na nadhani hiyo ndiyo iliyomvunja.

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nondo mapajani.

"Dada, hii niliikata mimi."

"Uliikata vipi?"

"Nilipoipigilia iligonga mwamba hapa katikati. Ilitakiwa niing'oe nikatafute mahali pengine. Mkaguzi alikuwa anakuja kesho yake, nawe ulishaalika watu. Nikakata iliyobaki juu, nikapigapiga kichwa kionekane kimezama. Mkaguzi huwa anatazama kichwa tu. Sisi mafundi tulikuwa tukifanya hivyo, tukicheka. Nikasema nitarudi wiki inayofuata."

"Wiki inayofuata," wifi akarudia.

"Ndiyo, dada."

Mimi nilitegemea matusi. Wifi yangu akianza anajulikana mtaa mzima. Lakini alisimama tu na ile ndoo tupu mkononi, kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Na pasi?"

Rula akainamisha kichwa. "Pasi haiwezi kuunguza mashine iliyo chumba kingine. Umeme ule ulitoka nje. Pengine mashine ingeungua hata kama ethi ingekuwa nzima, siwezi kuapa. Lakini pasi haikuhusika. Nilijua siku ile ile."

"Ulijua."

"Ningesema si pasi, ungeita watu wa umeme waje kukagua. Wangechimba."

"Ukaniacha nimfukuze mkwe wangu." Akaiweka ndoo chini. "Mtoto aliyekimbia barabarani kumtafutia mume wangu gari. Ukakaa kimya, ukanitazama nikimfukuza, kwa ajili ya hicho kichuma?"

Na mimi nilitamani kupasua kitu. Nilimkasirikia mume wangu, nikajikasirikia mimi na mdomo wangu wa dukani, nikalikasirikia hata lile komeo ambalo halikunifanyia kosa lolote. Nondo mbili mpya zilikuwa bado kwenye pikipiki. Ndipo nikaelewa kwamba asubuhi alitoka nyumbani akiwa na nia ya kusema, akafika, akaona dada yake anapiga makofi, ujasiri ukamkimbia.

"Inuka," wifi akamwambia. "Mume wangu anapumua kwa mshale. Maliza kazi yako."

Akainuka. Nyuma ya bafu, maji ya kuoga yanakopita, udongo ni laini na una unyevu wakati wote. Miaka kumi na tisa mahali pale palikuwepo, hatua kumi na tano kutoka ule mwamba. Alipigilia nondo ya kwanza yote, akaunga ya pili juu yake, akapigilia nayo yote, shati limemganda mgongoni. Kisha akavuta waya mpya mnene mpaka kwenye kisanduku, akaunyoosha, akaukaza. Hata katika hali ile waya wake haukupinda. Alipopima mara hii hakusoma mwenyewe. Alimgeuzia dada yake kioo cha Mdudu. Sita.

Akakagua tena ndani, wifi akachomeka mashine kwa mkono wake, ikaanza kunguruma. Shemeji akabadilishwa mrija. Mshale wa mtungi ulikuwa umegusa nyekundu.

"Mbona mna sura za mazishi?" akauliza. "Mimi si niko hai?"

Wifi akapanda kiti, akashusha pasi juu ya kabati, akaifuta vumbi kwa ubavu wa sketi yake, akaizungushia waya wake.

"Jirani atakaa na mgonjwa," akasema. "Sisi watatu twende. Na hicho kichuma ukibebe."

Chumba cha mkwe kiko nyuma ya duka la vifaa vya shule. Mlango ulikuwa wazi, naye alikuwa kazini. Kitu cha kwanza nilichokiona ni soketi ukutani, imezibwa kwa utepe wa gundi, tabaka juu ya tabaka, mpaka matundu hayaonekani. Cha pili ni pasi iliyo mkononi mwake. Ilikuwa pasi ya mkaa, nzito, ya zamani, na mkono wake ulikuwa na alama tatu za kuungua kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko. Alipotuona aliisimamisha juu ya kigae.

"Karibuni," akasema. Kisha haraka: "Baba?"

"Anapumua," wifi akajibu. "Mashine imewaka."

Akashusha pumzi. Baada ya hapo akangoja. Wifi akamsukuma mdogo wake begani, na Rula, mtu ambaye mji mzima unaamini kipimo chake, akasimama mbele ya binti yule na kipande cha nondo mikononi, hajui akiweke wapi. Akaeleza. Alieleza yote, mwamba, msumeno, mkaguzi, siku ile ya kurunzi. Hakujitetea, hilo nampa. Binti alisikiliza huku akitazama ile nondo.

"Mimi nilikuuliza, mjomba," akasema alipomaliza.

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa najua. Miezi minane kila nikisikia simu ikilia nasema ni baba, amekufa, nimemuua mimi. Mume wangu akiwasha taa usiku nashtuka." Sauti yake haikupanda. "Kila mtu alikuwa na jibu, mama alikuwa nalo, mkeo huyu alikuwa nalo. Wewe ndiye uliyekuwa unajua."

Nilitaka kuomba radhi, lakini maneno yangu yote ya dukani yakanizuia.

"Si wewe," Rula akasema. Alianza kulia, mtu mzima, bila kujifuta. "Si wewe, mwanangu. Hukuwa wewe hata kidogo."

"Mwambie mama. Nataka nisikie ukimwambia yeye."

Akageuka. "Dada, si yeye."

Wifi akasogea na pasi, ameishika kwa mikono miwili, akainyoosha mbele ya mkwewe. Binti hakuipokea.

"Iweke pale mama," akasema, akionyesha sakafu karibu na mlango. "Kesho nitakuja kumwona baba. Nitakuja kumwona yeye."

Wifi akaiweka alipoonyeshwa. Tukasimama kidogo, wala hatukuambiwa tukae. Yule binti akafungua kifuniko cha pasi yake ya mkaa, akapuliza majivu upande wa pili yasije yakachafua shati la mtu, akaongeza vipande viwili vya mkaa, akaendelea na kazi.